Ukifika Grogan na Gari Linalovuja

Ukitoka mzunguko wa Globe jijini Nairobi na kuifuata Barabara ya Kirinyaga, utaisikia Grogan kabla hujaiona. Nyundo zinagonga mabati, injini zinanguruma, na vijana wanakimbilia dirisha lako wakikuuliza unatafuta spea gani. Ramani husema Kirinyaga, lakini wengi hawajaliacha jina la zamani, la Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo na kufika huko mwaka wa 1900.

Huku ndiko huletwa matatu, teksi na pikapu zilizochoka. Siku hizi huletwa pia magari ya kasi kutoka Japani, yaliyoongezewa mitambo na wenyewe. Mmoja wa mitambo hiyo ni supachaja. Usiichanganye na tabochaja, msomaji. Tabochaja huzungushwa na moshi wa ekzosi; supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Zote mbili huisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe, ili ichome petroli zaidi na gari lipate nguvu.

Je, ikianza kuvuja?

Supachaja nyingi huwa na oili yao wenyewe kwa ajili ya giya zake, kiasi kidogo tu, isiyochanganyika na ile ya injini. Oili hiyo huzuiwa na sili. Sili iliyo nyuma ya puli ikichakaa, oili hurukia mkanda, mkanda huteleza na nguvu hupungua. Ya ndani ikichakaa, oili huingia kwenye injini pamoja na hewa, nawe utaona moshi wa samawati. Ukipuuza, giya zitakauka, na mtambo mzima utakuwa wa kutupwa.

Fundi mwema utamjua kwa subira yake. Hakimbilii spana. Atangoja injini ipoe, aoshe mafuta yote, anyunyize poda, kisha aiwashe na kutazama poda italowa wapi kwanza. Oili hutiririka, na inapodondokea si lazima pawe ndipo inapovujia. Atakagua pia mpira unaopitisha mvuke wa injini, kwani mara nyingi huo ndio unaopeleka oili kwenye njia ya hewa, na supachaja ikasingiziwa bure. Lakini anayekutajia bei ya mtambo mwingine kabla hajapangusa hata vumbi, mshukuru uende zako.

Ikiwa umeandamana na watoto, wakae mbali. Mkanda unaozunguka hauna huruma kwa kidole, na oili ikidondokea ekzosi iliyochemka yaweza kushika moto.

Tena, tazama nyuma ya gereji hizi. Pale unapita Mto Nairobi, ambao huingia Athi, na maji yake hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi yakiitwa Sabaki. Oili inayomwagwa chini hapa haiishii hapa. Kuna wakulima na mifugo huko iendako.

Kwa hiyo ukija Grogan, beba debe tupu na umwombe fundi akinge oili chafu humo. Mwambie pia akuonyeshe sili kuukuu aliyoitoa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa supachaja, ufa ni kile kipande kidogo kinachoenea kiganjani mwako.