HEMA LA WATOTO LA KHANGA KUUKUU

Leo twende safari. Tunaanza Shinyanga mjini. Tunapita Tinde na Isaka, tunafika Kahama. Njiani unaona mibuyu, mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe. Kutoka Kahama tunakwenda Kakola, penye mgodi mkubwa wa Bulyanhulu. Kisha tunapita Bukoli mpaka Geita. Hii ndiyo nchi ya dhahabu.

Katika nchi hii wapo wachimbaji wadogo wengi. Utaona maduara yao. Utasikia makarasha yakisaga mawe. Utaona pia vibanda vya miti vilivyofunikwa kwa maturubai. Dhahabu ikisikika mahali pengine, watu hufungua maturubai yao na kuhama.

Na watoto je? Mama akienda mwaloni kuosha dhahabu, mara nyingi mtoto humfuata. Hucheza kwenye tope, karibu na mashimo na vumbi la mawe.

Hatari iliyo kubwa ni zebaki. Wachimbaji huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake hauna harufu, lakini ni sumu. Huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto mdogo, na mtoto aliye tumboni, huumia zaidi kuliko mtu mzima. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wa kupunguza matumizi ya zebaki. Mkataba huo unaitwa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliugua kwa sumu hiyo.

Ndugu msomaji, ukimwambia mtoto "Usiende mwaloni", umemkataza tu. Mwonyeshe pia pa kwenda. Watoto hupenda kujenga vibanda na kucheza baba na mama. Basi mshonee hema lake, mbali na mwalo na makarasha.

MAHITAJI

Tafuta khanga kuukuu 3, sindano, uzi, kamba ya mita 5, vigingi 6, na miti 2 yenye urefu wa sentimita 130. Usikate miti katika ngitili ya watu bila ruhusa.

Usitumie nguo iliyovaliwa mwaloni. Usitumie kiroba kilichobeba mawe ya dhahabu au dawa ya pamba. Sumu haionekani kwa macho.

KUSHONA

1. Fua khanga kwa sabuni. Anika juani.

2. Weka khanga 2 moja juu ya nyingine. Shona pamoja upande mmoja mrefu, ukingoni kabisa.

3. Shona mstari wa pili, sentimita 4 kutoka mstari wa kwanza. Katikati ya mistari hiyo miwili ndiyo njia ya kamba.

4. Kata pembe tatu kutoka khanga ya tatu. Chini iwe sentimita 110. Kimo kiwe sentimita 90. Ishone nyuma ya hema. Mbele pabaki wazi, ili hewa iingie nawe umwone mtoto.

5. Vipande vilivyobaki vitumie kushona vitanzi 4, kimoja kila pembe ya chini.

KUSIMAMISHA

Chagua kivuli. Chimba mashimo 2 yenye kina cha sentimita 40. Toka shimo moja hadi la pili iwe sentimita 160. Simika miti, ushindilie udongo. Pitisha kamba katika njia yake, ifunge juu ya kila mti, kisha ivute mpaka kwenye vigingi 2. Vigingi 4 vilivyobaki ni vya vitanzi. Tandika mkeka ndani.

Kamba ikazwe vizuri. Kamba inayoning'inia inaweza kumkaba mtoto shingo. Kata mabaki yote. Jiko, koroboi na kiberiti visikaribie hema, maana khanga hushika moto upesi.

NANI ATAANGALIA?

Hema halilei mtoto. Akina mama watano wakikubaliana, kila mmoja anaweza kubaki na watoto siku moja, na wengine wanne wakaenda kazini. Atakayetoka mwaloni anawe mikono na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Kila wiki hema lishushwe lifuliwe.

Ndugu msomaji, khanga iliyochanika haiwezi kuzuia moshi wa zebaki. Ukilisimamisha hema kando ya karasha, umemwekea mtoto kivuli ndani ya hatari. Kwa hiyo kabla ya kutunga uzi kwenye sindano, tembea kwanza. Tazama upepo unatoka wapi. Tazama maji ya mwalo yanaelekea wapi. Uliza mahali watu wanapochomea zebaki. Ukishapata mahali salama, rudi nyumbani ukashone.

Je, hapo kwenu watoto wanacheza wapi? Jadilianeni na majirani leo.