Kipanya Hakina Kosa

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwetu nyumbani kidonda chenyewe kilikuwa skrini ya kompyuta ya inchi 27, ambayo kaka yetu mkubwa anayefanya kazi Mombasa alitutumia kwa basi likizo ya Agosti.

Mpenzi msomaji, kabla ya hapo tulikuwa na skrini ya inchi 15, ile ya umbo la zamani, nne kwa tatu. Mimi na kitinda mimba wetu hucheza Quake, mchezo wa kampuni ya id Software uliotoka mwaka 1996, kwa kuwa hata kompyuta kuukuu huumudu. Siku ya kwanza ya skrini mpya, mdogo wangu alicheza dakika kumi tu, akashika kichwa, akakimbilia nje kutapika. Siku ya pili yakawa yale yale. Mama akakata shauri.

"Hiyo skrini itarudi Mombasa na basi la Jumamosi. Siwezi kuuguza mtoto kwa sababu ya mchezo!"

Lo! Nani angempigia kaka simu kumwambia kuwa zawadi aliyoinunua kwa jasho lake inamtapisha mtoto? Nilimsihi Mama anipe muda hadi hiyo Jumamosi.

Mdogo wangu alishikilia kuwa kipanya kimeharibika. "Kinaenda mbio bwana! Nikikigusa tu, kila kitu kinazunguka." Wengi wangepunguza wepesi wa kipanya papo hapo. Mimi nilichukua rula. Nilimsimamisha mchezaji mbele ya mlango, nikasukuma kipanya hadi akageuka digrii 360 na kuutazama mlango tena. Mkono ulisafiri sentimita 17. Nikairudisha skrini ya zamani, nikapima tena. Sentimita 17 zile zile! Kipanya chetu huhesabu hatua 800 kwa kila inchi, na mchezo huigeuza kila hatua kuwa sehemu ndogo ya digrii kulingana na wepesi uliowekwa, ambao kwetu ni 3. Ukubwa wa skrini haumo kabisa katika hesabu hiyo.

Basi kilichobadilika ni nini? Ni kile ambacho macho huona. Skrini ya zamani ina upana wa sentimita 30. Ukiketi sentimita 60 kutoka kwayo, hesabu za tanjenti tulizosoma Kidato cha Pili zinaonyesha kuwa inajaza digrii 28 za macho yako. Ile mpya ina upana wa sentimita 60, nayo inajaza digrii 53. Picha ile ile ikitandazwa mara mbili, hukimbia mara mbili mbele ya macho, hata kama mkono umesogea kama jana.

Kisha kuna pembe ya kuona, yaani kiasi cha ulimwengu wa mchezo kinachoingia katika skrini. Quake huanza na digrii 90 kutoka kushoto hadi kulia, kipimo kilichozifaa skrini za nne kwa tatu. Skrini mpya ni ya 16 kwa 9. Ukiiachia digrii hizo 90, nakala tuliyo nayo hukata sakafu na dari, na kilichobaki hukuzwa. Nusu ya 90 ni 45, na tanjenti yake ni 1. Umbo jipya ni pana mara 1.33 kuliko la zamani. Pembe yenye tanjenti ya 1.33 ni digrii 53, na mara mbili yake ni 106. Niliandika "fov 106", na sakafu ikarudi!

Hata hivyo picha bado ilikuwa na kimo cha sentimita 34 badala ya 23. Dawa yake ilikuwa kurudi nyuma, kutoka sentimita 60 hadi karibu 90. Mama aliniruhusu kuiweka skrini juu ya meza ya cherehani iliyo ukutani, na kibodi ikabaki kwenye meza yetu.

Ijumaa jioni mdogo wangu alicheza nusu saa nzima. Hakushika kichwa. Wepesi wa kipanya ulikuwa ungali 3. Mama alimtazama machoni, akasema, "Haya, ikae. Lakini nikitaka kushona, mtaiondoa."

Ndugu msomaji, ukipata skrini kubwa, usikimbilie kipanya. Pima kwanza, kisha rekebisha pembe ya kuona, halafu sogeza kiti au skrini. Badilisha kitu kimoja kimoja ili ujue kilichokusaidia. Wepesi wa kipanya uwe wa mwisho, maana mkono uliozoea sentimita 17 huchukua siku nyingi kujifunza upya. Na ukiona kizunguzungu hakikomi, zima mashine upumzike. Macho ya watu hayafanani.