PDF Ikikataa Kufunguka, Usianze na Kujilaumu

Nilipoacha chuo nilifanya kazi saiba kwa miezi minane. Kati ya maneno yote niliyosikia pale, haya ndiyo yalinichosha zaidi: "Pole kijana, mimi sijui hizi vitu." Watu wazima, wengine wanaendesha biashara zao vizuri tu, wananiomba msamaha mimi wa miaka ishirini na moja kwa sababu faili ya ofisi fulani imekataa kufunguka.

Leo nataka kuongea kuhusu hiyo pole.

Ijumaa moja, saa tisa na kitu mchana, aliingia mama mmoja anayeuza mboga karibu na steji yetu. Alikuwa anatafuta fomu ya basari ya msichana wake wa Kidato cha Tatu. Mwisho wa kurudisha ilikuwa saa kumi na moja, siku hiyo hiyo. Linki alitumiwa kwa grupu ya wazazi ya WhatsApp. Kwa simu yake ilileta ukurasa mweusi. Kwa kompyuta yetu ikaleta ule ujumbe wa Kiingereza wa kusema hati imeshindwa kupakia. Akaanza, "Labda ni mimi nilibonyeza vibaya."

"Hapana mama, ngoja tuangalie."

Hivi ndivyo tuliangalia, na wewe pia unaweza.

Kwanza nilifungua PDF nyingine yoyote kutoka tovuti nyingine. Ikafunguka. Hiyo peke yake ilinionyesha brauza na intaneti ziko sawa. Pili, nilifungua linki yake kwa dirisha la faragha. Dirisha hilo halitumii vitu brauza ilivyohifadhi zamani, na kwa kawaida vile viongezo vya kuzuia matangazo havifanyi kazi humo, kwa hivyo kama wao ndio wenye shida, fomu itafunguka. Haikufunguka. Tatu, niliipakua niangalie ukubwa. KB 4. Fomu ya kurasa tatu iliyoskaniwa haiwezi kuwa KB 4, hata ukiombea.

Nikaifungua na Notepad. Hii watu wengi hawaijui: PDF ya kweli ukiifungua hivyo, maandishi ya kwanza ni %PDF, halafu namba ya toleo, kisha vitu visivyosomeka. Yetu ilianza na html. Ulikuwa ukurasa wa tovuti unaosema faili haipatikani, umevishwa jina la PDF. Ofisi ilihamisha fomu, linki ya zamani ikabaki ikizunguka WhatsApp. Tukaingia tovuti yao kupitia ukurasa wa mwanzo, tukapekua sehemu ya matangazo, tukaipata fomu yenyewe. Kurasa tatu, shilingi thelathini. Saa kumi na dakika ishirini mama alikuwa anakimbilia muhuri wa chifu. Jumatatu alipita kuniambia waliipokea.

Hakuna kitu alichobonyeza vibaya. Hata kimoja.

Sasa acha niseme yangu, kwa sababu ndiyo inanifanya niandike hii.

Nilipokuwa chuo nilifika mahali ada ikashinda nyumbani. Kulikuwa na njia ya kuahirisha mwaka: unajaza fomu kutoka potali ya chuo, unarudisha kabla ya tarehe fulani, nafasi yako inabaki. Nilikuwa nimesharudi ushago, natumia simu, naingia usiku wa manane kwa sababu ndio wakati mtandao unapumua. Naingia potali, nasoma maagizo polepole, nabonyeza fomu, inapakuliwa, simu inasema faili haiwezi kufunguka. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaamini simu yangu ni mbovu. Niliona aibu kuuliza mtu. Tarehe ikapita.

Sitasema niliacha chuo kwa sababu ya PDF. Ada ndiyo ilinitoa. Lakini kuna mlango ulikuwa wazi nikaupita, na nilidhani kosa ni langu.

Mwaka uliofuata, nikiwa saiba, nilikumbuka zile faili bado ziko kwa simu. Nikazifungua na Notepad, zote tatu. Zote zilikuwa ukurasa wa kuingiza paswadi. Potali ilikuwa inanitoa nje kimyakimya baada ya dakika chache. Mimi nikiwa bado nasoma maagizo, tayari nimeshatolewa, kwa hivyo nilipobonyeza fomu, seva ilinitumia ukurasa wa kuingia, na simu ikauhifadhi kwa jina la PDF. Dawa ilikuwa kuingia upya na kubonyeza fomu papo hapo. Sekunde kumi. Nilikaa pale nikiangalia hiyo skrini hadi mteja akaniuliza kama niko sawa.

Hali kama hiyo hukupata pia kwa Wi-Fi za bure. Kama hujamaliza kujisajili kwa mtandao wao, unaweza kupakua ukurasa wao wa kujisajili ukidhani ni hati yako.

Kuna mengine mawili ya kujua. Faili ikikatika njiani kwa sababu data imeisha, mara nyingi haifunguki hata kama umepata karibu yote. PDF kwa kawaida huweka mwishoni ile orodha ya kuonyesha kila kitu kiko wapi ndani ya faili, kwa hivyo ukikosa mkia, msomaji anapotea. Linganisha ukubwa, pakua tena. Na kama ukurasa unafunguka lakini unakuambia tu usubiri, usisubiri. Kuna fomu za aina ya XFA ambazo brauza nyingi haziziwezi. Fomu za uhamiaji za Kanada zinajulikana kwa hilo. Ihifadhi kwa kompyuta, uifungue na Adobe Reader.

Lakini sitaki umalize kusoma ukidhani kazi yote ni yako.

PDF ilitolewa na Adobe mwaka wa 1993 ili karatasi ionekane vilevile kwa kila mashine. Ni kitu kizuri. Shida ni ofisi inayoskani fomu kwa rangi hadi inakuwa MB 30, inaiweka mtandaoni, inaihamisha bila kuacha alama, halafu inasema "tulitangaza." Ulitangazia nani? Mtu mwenye data ya shilingi ishirini?

Kipengele cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka wa 2016 tukapata sheria ya kuitekeleza. Kwangu mimi, fomu isiyofunguka kwa simu ya kawaida haijatolewa. Imewekwa dirishani ikafungiwa kioo. Na hawahitaji pesa nyingi kurekebisha: waandike ukubwa wa faili kando ya linki, waweke tarehe na masharti kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa, na kabla ya kutangaza, mtu mmoja pale ofisini atoe simu ya bei rahisi, azime Wi-Fi, ajaribu kuifungua.

Najua kuna mtu atasema, "Si uende tu ofisini." Nauli unatoa wewe?

Kwa hivyo ikikataa, fanya zile hatua. Zikikuonyesha shida iko kwao, piga picha ya skrini, uitume kwa barua pepe yao siku hiyo hiyo, kabla ya tarehe ya mwisho, uombe watume fomu moja kwa moja. Hiyo picha ni ushahidi kwamba ulijaribu. Mimi sikuwa nayo.

Na ukiwa saiba, tafadhali, usimwambie huyo kijana pole. Hujamkosea.