Filimbi Masikioni

Nilirudi Buruburu alfajiri ya Jumanne, baada ya siku 21 ndani ya gari la bendi: Ujerumani, Poland, halafu Ujerumani tena. Mimi napiga drami. Nyimbo zetu nyingi hazifiki dakika 2, kwa hiyo unapiga nusu saa na kusafiri masaa 7. Hesabu hiyo hakuna anayekwambia mapema.

Mama alikuwa amepika chapati. "Sasa, walikulipa ngapi?" Nikamwambia petroli ilikula karibu zote, na zilizobaki zilitokana na fulana tulizouza mlangoni. Akacheka, kisha akanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kuliniuma.

Henry Rollins alichapisha shajara za miaka yake na Black Flag, 1981 hadi 1986, akaziita "Get in the Van". Niliisoma nikiwa chuo, nikadhani gharama ni njaa na sakafu baridi basi. Sikuwaza habari ya kurudi: unalala kitandani kwako, unashtuka usiku kwa sababu hakuna anayekoroma kando yako.

Na masikio. Jumatano mama aliniita mara tatu kutoka jikoni. Mimi nasikia filimbi tu, nyembamba, haikatiki. Akaja mlangoni na mwiko mkononi, akidhani nimemnunia.

"Kwani siku hizi huitiki?"

Nikasema nilikuwa nimesinzia. Ijumaa tuna mazoezi, na vizibo vya masikio nilivisahau Leipzig.