Mchepuo wa Pili

Kidato cha tano hakikuwa na nafasi ya mtu anayependa mambo mawili. Ukichukua PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, umeiaga Historia. Ukichukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, Hisabati ndiyo umeiaga. Mimi niliandikwa PCM, kwa sababu alama zangu zilielekea huko na kwa sababu nyumbani walitaka injinia. Mwaka ulikuwa 1983, na shule ni Tabora, ile ile aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1937.

Lakini Tabora haimwachi mtu asahau historia. Jumamosi tuliporuhusiwa kutoka, wenzangu walikwenda sokoni au mtaa wa Ng'ambo, nami mara nyingi nilishika njia ya Kwihara, katikati ya miembe mikubwa, hadi kwenye tembe walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Sikwenda kwa ajili yao. Nilikwenda kwa ajili ya tembe lenyewe: kuta nene, paa bapa la miti lililofunikwa udongo, na ubaridi wa ndani wakati nje jua linachoma. Nilitaka kujua paa la udongo linahimilije masika. Papo hapo nilitaka kujua ni nani aliyeukanyaga udongo ule, alilipwa nini, na kama alikuwa mtu huru au mtumwa. Kwangu lilikuwa swali moja. Darasani yalikuwa maswali mawili ya walimu wawili, na moja kati yake halikuwa langu tena.

Vipindi ambavyo hatukuwa na maabara, nilikwenda kukaa nyuma ya darasa la Historia. Mwalimu aliniona siku ya kwanza tu.

"Wewe si wa PCM? Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kusikiliza, mwalimu."

Akaniacha. Alifundisha habari za Mirambo wa Urambo, na za Mtemi Isike, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipolivunja boma lake, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Baada ya kipindi kimoja aliniita pembeni, akaniambia kwamba Nyerere aliporudi kutoka Makerere alifundisha St. Mary's, hapa hapa Tabora, na masomo yake yalikuwa Baiolojia na Kiingereza. Kisha, akiwa tayari kiongozi wa nchi, akamtafsiri Shakespeare. "Yeye nani alimwambia achague?" akaniuliza. Maneno yale yalinibeba miaka mingi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, nilisoma uhandisi ujenzi. Kitivo kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1973, na kazi yake ilikuwa nzito kwelikweli. Mtu ukilala kidogo unadisko, yaani unafukuzwa chuo. Dirisha pekee la kutazamia nje lilikuwa somo la Stadi za Maendeleo, lililowahusu wanafunzi wote, na wenzangu wengi walilisoma ili wafaulu tu, yaishe. Usiku, nikimaliza hesabu za mihimili, nilishuka maktaba kusoma kitabu cha historia cha Kimambo na Temu, kisha John Iliffe, kisha maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Kwake niliikuta Tabora ikiwa mji wa watu wenye hesabu, madeni na safari. Hakuna aliyenitahini katika hayo. Niliyasoma kwa wizi, na elimu ya wizi ina kasoro yake: hakuna anayekusahihisha.

Nilipohitimu nikapangiwa kazi ya reli, Tabora. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo treni ilipoingia asubuhi kwenye stesheni ile ya Mjerumani.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa sehemu kubwa imefuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wengi walioijenga ni Wanyamwezi, watu wale wale ambao baba zao walibeba meno ya ndovu na nguo kwa kichwa na mabega. Walibeba wao kwa sababu mbung'o waliua punda na ng'ombe njiani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na safari ya kutoka pwani ilichukua karibu miezi mitatu. Usiku mmoja nilipiga hesabu: behewa moja la tani 30 ni wapagazi zaidi ya 900. Nilipoiona ile namba ndipo nilipoelewa reli ilifanya nini katika Unyamwezi. Vitabu vya uhandisi vilinipa tani. Vile vya historia vilinipa watu. Nilihitaji vyote viwili ili niione.

Kipande cha njia kilichonifundisha zaidi kipo mashariki ya Tabora, ndani ya pori ambalo misafara ililiita Mgunda Mkali. Ni vichaka vya kufa mtu kati ya Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi walikiogopa kipande hicho kwa kiu, na walipofika Tura, ambapo leo pana stesheni, walijua wameingia kwao. Ajabu ni kwamba pori hilo la kiu, mvua ikinyesha, hukata tuta la reli.

Masika moja lilikatika. Nikatumwa na genge la mafundi, kokoto, mataruma, na kazi ya kukadiria kalavati jipya. Ili ujue ukubwa wa kalavati lazima ujue maji yatakuja kiasi gani, na ili ujue hilo unahitaji kumbukumbu za mvua za miaka mingi. Pale kumbukumbu hazikuwapo. Kituo cha karibu kilichopima mvua kilikuwa mbali, nami nilichora kwa kukisia. Katika genge alikuwamo mzee mmoja, mpole, aliyekaribia kustaafu.

"Mwangaluka, babu," nilimwamkia.

"Mwangaluka, mwanangu injinia. Lakini maji hayapiti hapo ulipochora."

"Yanapita wapi?"

"Kule kwenye mkuyu. Babu yangu alikuwa mpagazi. Masika walikuwa wakipiga kambi ng'ambo ile, wanasubiri yapungue."

Alinipeleka, akanionyesha mti wenye alama ya tope kifuani pangu. Nilipima kutoka alama ile, nikakokotoa upya, na uwazi wa kalavati ukahamia kwenye mkuyu. Masika yaliyofuata tuta lilisimama. Kuwauliza wenyeji juu ya mafuriko ya zamani ni njia halali ya uhandisi, imo vitabuni. Ila namna ya kuuliza haimo: umwamkie nani, usubiri kiasi gani, utajuaje kwamba asemacho mzee ni cha babu yake au ni cha kusikia sokoni. Hiyo ni kazi ya mwanahistoria, na ina kanuni zake.

Kwa hiyo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, nilijiandikisha kusoma Historia. Nilisoma kwa taa ya chemli umeme ulipokatika, na mtihani nikaufanya hapo hapo Tabora. Wenzangu kazini waliuliza kama Historia itaniongezea mshahara. Haikuongeza. Iliniongezea macho.

Insha niliyoiandika kwa mapenzi kuliko zote ilihusu sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Mwaka 1916 Mwingereza alikuwa ameifungia pwani, fedha haziingii, na Wajerumani wakazipiga sarafu takriban 16,000 katika karakana ya reli Lulanguru, jirani na Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Mhandisi atauliza karakana ya treni ilipigaje sarafu; mwanahistoria atauliza kwa nini dola lilifikia hapo. Karakana ni moja, na vita ni moja.

Sasa reli ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000 ya ile ya Mjerumani, inajengwa kupita Tabora. Vijana wetu ndio wanaopima na kumwaga zege katika Mgunda Mkali. Wakuu wa vyuo vyetu, nawaomba: mwanafunzi wa uhandisi anayetaka Historia, Falsafa au Kiswahili aruhusiwe kuyasoma mchana, kwa mtihani, na alama zihesabiwe kwenye shahada yake. Na nyinyi mlioko kwenye mradi, nendeni mkawahoji wazee wa Tura na Malongwe sasa, wangali hai.