Ngazi Tatu za Barazani

Mbio za Kilimanjaro Marathon zilipoanza Moshi mwaka 2003 nilikuwa na miaka 31, nikazitazama nimesimama kando ya barabara. Miaka miwili baadaye nilijiandikisha kilomita 21, na raba za mtumba kutoka soko la Memorial. Anayeijua njia ile anajua kazi yake: unapanda kuelekea Mweka katikati ya migomba na kahawa, kisha unateremka. Kupanda nilipanda kama wengine. Sifa yangu ilikuwa mteremko. Nilijiachia mzimamzima, nikawapita walionipita mlimani, hata wenzangu wa mazoezi wakaniita Maporomoko. Nililipenda sana jina hilo.

Goti la kulia lilianza kuuma nikiwa na miaka 46, tena si mbioni. Lilianzia nyumbani, kwenye ngazi tatu za saruji za barazani. Kuzipanda sikusikia kitu. Alfajiri moja nikishuka, mguu wa kushoto uko hewani na uzito wote umebaki kulia, nyuma ya pia ya goti pakachoma kama mwiba. Nikashika nguzo, nikasubiri, nikashuka kiubavu.

Nikaficha. Usiku nilijichua dawa, asubuhi ya mbio nikameza diklofenaki.

“Baba Neema,” mke wangu aliniambia, “hilo goti unalinyamazisha, hulitibu.”

Alisema kweli. Kidonge kile kilituliza maumivu tu, mimi nikazidi kulitwisha goti mzigo. Na mtu akikimbia mwili umepungukiwa maji, dawa za jamii ile zinaweza kuumiza figo. Nilimeza miaka miwili.

Ngao yangu ilikuwa John Stephen Akhwari. Mkimbiaji gani wa Tanzania hakulelewa na habari za Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, mtu anaingia uwanjani wa mwisho na hakukata tamaa? Namheshimu mpaka leo. Lakini yeye alivumilia siku moja, siku ya Olimpiki, akiwa na miaka 30. Mimi nilivumilia kila Jumamosi. Tena mwaka 1970 kule Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alimaliza marathoni akiwa wa tano. Sehemu hiyo ya habari yake sikuwa nikiikumbuka.

Daktari wa kwanza alitazama picha ya eksirei akasema niache mbio, umri umekwenda. Niliacha miezi minane. Nilinenepa, usingizi ukapotea, na ngazini goti likauma vilevile. Hilo la mwisho ndilo lililonirudisha kutafuta msaada.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakuanza na picha. Alinisimamisha juu ya stuli fupi akaniambia nishuke polepole kwa mguu mmoja. Goti likakimbilia ndani, nikaliona kwa macho yangu.

“Mzee, paja na nyonga vimelegea, goti linabeba kazi yao.”

Akanieleza uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2017: waliokutwa na nyonga au goti lililosagika walikuwa asilimia 3.5 kwa wanaokimbia kwa kujifurahisha, 10.2 kwa wasiokimbia, na 13.3 kwa wakimbiaji wa mashindano. Kisha akanipa kipimo: maumivu yasizidi tatu kwa kumi, na kesho yake asubuhi yawe yamekwisha. Yasipokwisha, siku hiyo hakuna kukimbia.

Mazoezi ya stuli nimeyafanya, na hatua nimezifupisha. Kigumu kilikuwa mteremko. Kuupanda mlima naruhusiwa, kuteremka kutoka Mweka nitembee. Ilinichukua msimu mzima kukubali, maana kukubali kulikuwa kuliacha lile jina. Mara ya kwanza nilipotembea, vijana walinipita makundi kwa makundi, na mama mmoja mlangoni pa shamba lake akaniambia, “Pole, baba, umeumia?”

“Sijaumia, mama,” nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Sasa nina miaka 52. Kila asubuhi nashuka ngazi zile tatu kwanza, ndipo naamua kama nitavaa raba. Wenzangu wa rika hili mnaomeza kidonge kabla ya mbio, nawaomba muache, mkapimwe goti hilo wiki hii.