Mbwa wa Ilula na chupa ya dawa ya ng'ombe

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara kuu ya Tanzam kuelekea Morogoro, chini ya saa moja unaingia Ilula, wilayani Kilolo. Huhitaji kibao kukuambia umefika. Nyanya zinakuambia: ndoo zilizojazwa mpaka zikafanya kilima, matenga yanayosubiri malori, na wauzaji wanaokimbilia madirisha ya mabasi yanapopunguza mwendo. Ukifika msimu wa vitunguu, rangi inabadilika, biashara ni ileile.

Chini ya meza za nyanya wamelala mbwa. Usiku ndio walinzi wa matenga na mabanda ya kuku. Mchana hawana kazi, na watoto wanaotoka shule huwavuta masikio na kulala nao vumbini. Wachache wana kamba shingoni. Wengi hawajawahi kuonwa na daktari wa mifugo.

Katika duka moja la dawa za mifugo kandoni mwa barabara hiyo, mama mmoja anaingia na swali ambalo haliulizwi sana hapa. Kijana wa dukani anamwamkia, "Shikamoo, mama," anaitikia, kisha anaeleza. Kaka yake amehamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam na amemwachia mbwa wake. Amemwachia na maagizo kwa simu: kila mwezi mbwa apewe dawa ya kinga ya minyoo ya moyo.

Kijana anashusha chupa ya ivamektini kutoka rafu ya juu, ile inayochomwa ng'ombe.

"Ni hii hii, mama. Ng'ombe, nguruwe, mbwa, wote inawafaa. Unampa kidogo tu."

Hadanganyi, ila hajamaliza maneno. Ivamektini kweli ni miongoni mwa dawa zinazotumika duniani kuwakinga mbwa na minyoo ya moyo. Tatizo ni hilo neno "kidogo". Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita 1. Kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa ni mikrogramu 6 tu kwa kila kilo ya uzito wake. Mbwa wa kilo 12 anahitaji mikrogramu 72. Tone moja la chupa ile linaweza kuwa na mara saba ya hapo, na mililita 1 nzima ina karibu mara 140. Hakuna bomba la sindano la dukani litakalokupimia dozi hiyo. Mbwa aliyezidishiwa hutokwa mate, hutetemeka, hupepesuka kama mlevi, huweza kupofuka, na wengine hufa. Mbwa wa jamii ya Collie, na machotara wao, huweza kudhurika kwa kiasi ambacho mbwa wengine wanakistahimili.

Mnyoo wenyewe huletwa na mbu. Mbu anamnyonya mbwa mgonjwa, anabeba lava, kisha anampa mbwa mwingine anapomuuma. Baada ya miezi sita au saba lava wamekuwa minyoo mirefu kama tambi, wanaishi kwenye moyo na mishipa ya mapafu. Mbwa anaanza kukohoa, anachoka baada ya mbio fupi, anakonda, na mwishoni tumbo linajaa maji. Dawa ya kila mwezi haimzuii mbu kuuma. Inaua lava walioingia katika siku 30 zilizopita, na ndiyo sababu ukiruka miezi miwili au mitatu unakuwa umefungua mlango.

Kuna jambo lingine ambalo kaka mtu hakulisema kwenye simu. Mbwa mkubwa apimwe damu kwanza. Kama tayari ana minyoo, na damu yake imejaa lava, kuwaua wote kwa mpigo kunaweza kumwangusha mbwa palepale. Kipimo nacho kina subira yake, kwani maambukizi yasiyofikisha miezi sita hivi huwa hayaonekani.

Je, mbwa wa Ilula anaihitaji kinga hiyo? Hapa ndipo mahali panapoamua, kuliko tangazo la dawa. Lava wa mnyoo huyu wanahitaji joto ili wakue ndani ya mbu. Chini ya nyuzi joto 14 wanasimama. Usiku wa Juni na Julai Ilula ni wa sweta na blanketi. Lakini teremka mlima Kitonga, kona kwa kona nyuma ya malori yanayonuka breki, na kabla hujazoea unavua sweta: Ruaha Mbuyuni, mibuyu, mto, joto na mbu. Wilaya ni ileile ya Kilolo. Na Dar es Salaam alikotoka mbwa wa kaka, joto na mbu havina likizo. Huyu ana sababu ya kupimwa. Mbwa aliyezaliwa na kukulia chini ya meza ya nyanya ana mambo mengine ya kutangulia.

La kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na hapa mzazi asisite. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemea. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kama afisa mifugo atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Mtoto akiumwa, hata mkwaruzo wa jino, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha safari ya hospitali siku hiyohiyo. Watoto wengi huficha kwa kuogopa kuchapwa, maana ndio walioanza kumchokoza mbwa. Waambie mapema kwamba hawatachapwa.

La pili ni minyoo ya tumbo. Mnyoo wa moyo haumpati mtoto kwa kulambwa na mbwa. Minyoo ya tumbo ni habari tofauti. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo au huinyonya katika maziwa, kwa hiyo huanza kupewa dawa wakiwa na wiki mbili tu, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wafikishe wiki 12. Mayai hutoka na kinyesi na kukaa kwenye udongo uleule ambao mtoto anachezea. Akiyameza, lava huzunguka mwilini na huweza kufika kwenye ini, hata kwenye jicho. Habari njema ni kwamba mayai hayo huhitaji kama wiki mbili au zaidi ardhini kabla ya kuweza kuambukiza. Anayeokota kinyesi kila siku kwa jembe na kukifukia mbali na bustani amefanya kazi kubwa bila kutoa senti.

Tegu wa mbwa naye hatoki kwa ivamektini. Dawa yake ni prazikwanteli, jina ambalo wazazi wengi wamelisikia kwenye kampeni za kichocho shuleni, ingawa mbwa apewe ya kwake kwa uzito wake. Na utumbo au maini yenye malengelenge ya mbuzi aliyechinjwa nyumbani yasitupiwe mbwa. Ni humo mbwa anamopata tegu anayeweza kumletea binadamu uvimbe wa maji kwenye ini.

Dukani, mama anauliza kama chupa ile inaweza basi kumsaidia mbwa wake mwingine, yule wa nyumbani, ambaye kifuani hana shida ila ana watoto watano chini ya ghala.

"Hao watoto wana siku ngapi?"

"Jumapili wanatimiza wiki tatu."

Kijana anairudisha chupa ya ng'ombe juu ya rafu. Anatoa dawa ya maji ya minyoo ya watoto wa mbwa, anamwambia akawapime mmoja mmoja kwenye mizani ya vitunguu, na anamwandikia kwenye kipande cha boksi namba ya afisa mifugo kwa ajili ya chanjo. Mbwa wa kaka atapelekwa Iringa mjini kwa daktari wa mifugo, akapimwe damu.

"Nitamwambia kaka atume nauli," anasema mama, akifunga dawa kwenye pindo la kitenge. "Mbwa ni wake."

Nje, lori la nyanya linawasha injini. Mbwa aliyekuwa amelala kivulini mwake anainuka, anajinyoosha, anahamia chini ya meza inayofuata.